Ufunguo Mgeni

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe,
feni inazunguka kama kibarua asiyelipwa.
Chini Kariakoo inaitana bei;
juu ni mimi na daftari la Bi Zulekha.
Kwenye jalada, kwa wino wa kijani:
*Mali bila daftari*
na nusu ya pili imefutika kwa jasho la viganja.

Ukurasa wa tisa unasema:
"Sikitu, doti mbili, atalipa."

Sikitu yupi?
Nikashuka dukani kumuuliza. Akacheka.
"Wako watatu, mwanangu.
Wa Buguruni, wa Tandale, na yule mrefu."

Ndiyo maana jina si ufunguo.
Jina ni la kuitia, namba ni ya kujulia.
Nikajenga jedwali la wateja, kila mtu na namba yake,
hairudiwi, hairithiwi,
hata mwenyewe akihama mji.
Jedwali la mauzo nikalijenga kando,
na kila mstari nikauachia kiti kimoja
akalie namba ya mteja.

Huo, Bi Zulekha, ndio ufunguo mgeni:
umezaliwa jedwali lile, unalala jedwali hili.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema,
anakunja kanga, pindo kwa pindo.
"Na siku ya tatu?"

Siku ya tatu nikampa jembe.
Nikaandika sharti:
hakuna deni litakaloingia
bila mwenye deni kutangulia mlangoni.

Saa tano usiku, maandishi mekundu.
Mistari arobaini na mmoja imegoma kuhama,
madeni yasiyo na mtu.
Sisi wa kazi hii huyaita yatima,
tunalitamka neno hilo huku tunatafuna karanga.

Cheti changu cha kuzaliwa
kina nafasi ya jina la baba.
Ndani yake kuna kistari.
Mama anasema karani alikichora kwa rula,
taratibu, asije akakipinda.

Nikaruhusu tupu.
Si kila safu; ile moja tu, ya mdhamini.
Wale arobaini na mmoja nikawafungulia mteja wa muda,
"Hajulikani", namba sifuri,
umeme ukakatika kabla sijajua kama nimefanya vizuri.

Februari akanipigia.
"Namfuta Sikitu wa Buguruni, mashine inakataa."
Najua inachomwambia, nimekiandika mwenyewe:
*Haiwezekani. Rekodi nne zinamtegemea.*
"Kwa nini umfute?"
"Tumemzika jana."

Ipo amri moja, fupi:
akiondoka mzazi, waondoke na watoto,
doti, tarehe, malipo ya nusu nusu,
kama nyumba iliyopigwa alama ya X nyekundu,
watu wakirudi jioni ni uwanja.
Nikaichapa yote.
Kidole kikakaa juu ya kitufe.

"Bi Zulekha, alikuwa anadaiwa ngapi?"
"Elfu thelathini na nne."
Akanyamaza. Nikasikia mtu dukani akiomba apunguziwe.
"Deni limekwisha. Yeye mwache hapo hapo.
Alikuwa akija Ijumaa, hanunui, anashika shika vitambaa tu."

Nikaifuta amri, herufi moja moja, kutoka mwisho.
Nikaongeza safu pembeni: *tarehe ya kuondoka*.
Wateja mia nne na kumi na wawili,
na kwa wote ni tupu,
isipokuwa mmoja.

Sasa ukiandika Sikitu wanatokea wawili na kivuli,
jina la kijivu, ukilibonyeza halifunguki,
lakini lipo, na mistari yake minne chini yake.

Na yule mrefu alikuja juzi kulipa.
Kumbe si Sikitu. Ni Siwatu.
Miaka sita ameitika tu, kwa adabu.
Nikabadilisha jina,
namba haikutikisika.